Kaske inatupwa, kosa ni la waya

Wasomi wenzangu, tuongee kidogo juu ya kaske, zile za kusikilizia. Upande mmoja ukinyamaza tunasema imekufa. Hapana. Mara nyingi ni waya imekatika karibu na pini. Ikunje pale polepole: sauti ikirudi, ugonjwa uko hapo. Fundi atakata kipande kile, atachoma rangi inayofunika nyuzi za shaba, atalehemu pini mpya ya mm 3.5. Kaske inarudi kazini.

Sasa tuangalie watengenezaji. Audio-Technica walitoa ATH-M50 yenye waya isiyotoka. Mwaka 2014 ikaja ATH-M50x, waya inachomoka, wengi wakashangilia. Lakini tundu la upande wa kaske ni la mm 2.5, tena lenye kufuli. Waya ya kawaida ya mm 3.5 haiingii. Ikikatika tuko hapa Kiwanja, tutaipata duka gani? Basi kuchomoka peke yake si msaada.

Mimi nasema kaske nzuri ni ile ambayo fundi wa karibu anaweza kuifufua. Kabla ya kununua, uliza waya kwanza, sauti baadaye. Na ile ya zamani, usiitupe bado.