Marimba za Amampondo

Mwaka 1979 vijana wa Langa, mtaa waliotengewa Waafrika katika Cape Town, wakiongozwa na Dizu Plaatjies, waliunda kikundi cha marimba na ngoma, wakakiita Amampondo kwa jina la kabila la Wampondo. Mhakiki aweza kuwatia ila: Wampondo hawakurithi marimba, kwani aina hiyo ilitengenezwa Bulawayo, katika Chuo cha Kwanongoma, miaka ya 1960. Ila hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Walichorithi ni uimbaji, makofi na uta wenye kibuyu. Mbao zaweza kuazimwa, sikio haliazimwi. Tena, serikali ya ubaguzi ilipokuwa ikiwatenga watu kabila kwa kabila, kupiga ala ya Bulawayo kwa jina la Wampondo kulikuwa ni kuukana mpaka huo.