Kuzoesha Sikio kwa Daraja

Mwaka 1992 Stuart Gatehouse, mtafiti wa usikivu katika mji wa Glasgow, Uskochi, alitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wanne tu, wote wamepungukiwa na usikivu wa masikio mawili kwa kadiri iliyokaribiana, ambao kila mmoja alitiwa kifaa cha kusaidia kusikia katika sikio moja, na jingine likaachwa kama lilivyokuwa. Walipimwa tena na tena kwa maneno yaliyotamkwa katikati ya makelele. Siku za mwanzo kifaa hakikutoa faida yake kamili. Faida ilijitokeza polepole, ikachukua majuma 6 hadi 12 kudhihiri, ilhali sauti iliyoingia sikioni siku ya kwanza na ile iliyoingia juma la mwisho ilitengenezwa kwa kanuni ile ile. Aliyebadilika ni msikilizaji.

Watu wanne si umati, na insafu yanilazimu kusema kwamba waliofuata njia hiyo baadaye hawakuafikiana: wengine waliona faida ndogo kuliko ile ya Glasgow, wengine wasione kitu. Ubishi huo ni wa halali, lakini hauondoi jambo ambalo kila fundi wa vifaa hivi analijua, nalo ni kwamba mtu akipewa siku ya kwanza nguvu yote anayostahili kwa hesabu, aghalabu hukivua kifaa kabla ya magharibi, na kifaa kilicho ndani ya mtoto wa meza hakimzoeshi mtu chochote. Nitakalochambua hapa ni jinsi mafundi walivyosuluhisha nguvu inayotakiwa na sikio na nguvu inayostahimiliwa na mwenye sikio.

Yapasa kwanza kujua kilichopotea. Ndani ya koklea, kile kijumba kilichojiviringa katika mfupa wa sikio, mna seli zenye vinyweleo zilizojipanga kwa safu: safu moja ya ndani, yenye seli kiasi cha 3,500, ambazo hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu, na safu tatu za nje, zenye seli kiasi cha 12,000, ambazo kazi yake ni kuipa nguvu sauti dhaifu kabla haijafika kwa zile za ndani. Uzee, makelele ya viwanda na baadhi ya dawa, hasa sindano za kikuu za zamani kama kanamycin, ambayo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliagiza isitumike tena kwa kikuu sugu, huanza kwa kuziangamiza hizi za nje. Na kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Hapo sauti ndogo hutoweka, lakini sauti kubwa hubaki kubwa vile vile kama zamani. Ndiyo sababu mjukuu akisema kwa upole huambiwa aseme kwa nguvu, na akipaza sauti huulizwa kwa nini anapiga kelele. Wala mzee si mkorofi, bali uwanja wake umefinywa. Mwenye sikio zima ana nafasi ya desibeli 100 hivi baina ya sauti ndogo kupita zote na ile inayoumiza. Aliyepoteza 50 za chini amebakiwa na nusu, na dunia nzima yapaswa ienee katika nusu hiyo.

Kifaa cha siku hizi hutenda kazi kwa kubana: sauti ndogo huikuza sana, ya wastani huikuza kiasi, na kubwa huiacha karibu ilivyo. Tadibiri hiyo ni njema, lakini ndiyo pia mzazi wa lalamiko la kwanza, kwa kuwa vinavyokuzwa kuliko vyote ni vile vidogo ambavyo mwenye masikio mazima amekwisha kujifunza kutovisikiliza: panga boi linavyozunguka darini, kandambili za mtu anayepita ukumbini, mafuta kikaangoni, gazeti linapofunuliwa, kanga mpya inapokunjwa. Ubongo uliokaa miaka mingi bila vitu hivyo hauna tena daftari la kuvipuuza, hivyo siku ya kwanza huvipokea vyote kwa daraja moja, kana kwamba vyote ni habari.

Lalamiko la pili ni la wembamba. Aghalabu kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zilizo juu ya hezi 2,000, na huko ndiko zinakokaa konsonanti nyingi, ilhali irabu, zenye nguvu zaidi, hukaa chini. Mtu wa namna hiyo husikia kwamba jirani anasema, asijue anasema nini. Kwa Kiswahili taabu yake ni dhahiri: katika "amefika", "amepika" na "ameshika", irabu zote ni zile zile, na tofauti yote imebebwa na konsonanti moja isiyo na mvumo, ambayo ni pumzi tu. Akiisha kuvaa kifaa, pumzi hiyo hurudi, lakini hurudi kwa ukali, kila "s" ikimchoma kama sindano, na sauti ya mkewe, aliyoizoea kuwa nene kwa miaka kumi, humjia kama ya bati. Hayo si makosa ya kifaa. Ndivyo sauti ya mkewe ilivyokuwa siku zote.

Basi nguvu igawiwe vipi? Mwaka 1944 mhandisi wa Marekani, Samuel Lybarger, alitoa kanuni nyepesi: mpe mtu nusu ya alichopoteza, aliyepoteza desibeli 60 akuziwe kwa 30 hivi. Katika miaka hiyo hiyo ya vita, Raymond Carhart, mtaalamu wa usikivu, alikuwa katika hospitali ya jeshi ya Deshon, huko Butler, Pennsylvania, ambako askari waliopoteza usikivu walijaribishwa vifaa kadhaa na kila kimoja kikatazamwa kwa mambo manne: kinakuza kiasi gani, mvaaji anastahimili mpaka wapi, kinafaa vipi katika makelele, na anabagua maneno kwa wema gani. Lakini ninaloliona mimi kuwa kubwa zaidi pale Deshon si jedwali lile la mambo manne, ambalo wanahistoria hulitaja kila wapatapo nafasi, bali ni kwamba askari hakupewa kifaa akaambiwa kwaheri. Alikaa majuma kadhaa, akafunzwa kusikiliza upya na kusoma midomo, akakitumia kifaa chake mbele ya watu waliojua la kumwambia.

Uingereza ilishika njia nyingine. Tarehe 5 Julai 1948, huduma ya afya ya taifa ilipoanza, kifaa kilichoitwa Medresco kilianza kutolewa bure, kimetengenezwa kwa shauri la kamati ya wataalamu iliyoona kwamba mwelekeo mmoja wa sauti ungewafaa walio wengi, hivyo hapana haja ya kumshonea kila mtu wake. Ilikuwa hatua ya rehema, na waliopata ni wengi mno kuliko wale wa Deshon; lakini kipimo kimoja kwa wote kiliuacha mzigo wote wa kuzoea mabegani mwa mvaaji.

Hesabu za kumshonea kila mtu wake zilirudi kwa nguvu kutoka Australia, ambako maabara ya taifa ya mambo ya sauti, ijulikanayo kwa herufi NAL, ilitoa kanuni yake ya kwanza mwaka 1976, ikaendelea kuisahihisha hata ikafikia ile ya 2011 inayotumika leo pande nyingi za dunia. Kanuni hiyo ya 2011 humhoji mtu mambo ambayo Lybarger hakuyauliza. Humhoji kama ni mgeni wa kifaa au mzoefu, na mgeni humpunguzia, pengo likikua kadiri upotevu unavyokuwa mkubwa. Humhoji pia kama lugha yake ni ya toni, yaani lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, kwani lugha hizo huhitaji nguvu zaidi katika sauti nene. Kiswahili si lugha ya toni, kwa hiyo fundi akiliacha jibu kama alivyolikuta katika programu ya kupangia kifaa hamdhuru Mswahili. Lakini Mkikuyu au Mnyarwanda, ambaye nyumbani husema lugha ya toni, anastahili kuulizwa, na nina shaka kubwa kama huulizwa.

Baada ya hesabu huja upandishaji. Fundi mwangalifu humwanzisha mgeni chini kidogo ya kipimo chake, akampandisha kwa miadi, au akaiachia programu ipandishe yenyewe taratibu, kiasi ambacho mvaaji hatambui hatua ila akitazama nyuma. Ujuzi wote umo katika kujua pa kupunguza. Mvaaji akilalamika juu ya ukali, njia rahisi ni kuzishusha sauti nyembamba zote, naye ataondoka ameridhika kabisa, hasikii tena "fika" na "pika" kwa kupambanua, yaani amerudishwa alikotoka kwa gharama kubwa. Mwenye subira hushusha kidogo, huandika alichoshusha, na miadi ijayo hukirudisha.

Liko lalamiko la tatu, nalo ndilo hukosewa dawa kuliko yote. Mvaaji husema sauti yake mwenyewe inanguruma, kana kwamba anazungumza ndani ya pipa. Nimemsikia ajuza mmoja akiulizwa na mjukuu wake, "Bibi, mbona siku hizi wanong'ona?" naye akajibu kwa hamaki, "Sinong'oni, mwanangu. Ni nyinyi msiosikia ninavyovuma humu kichwani!" Wote wawili walisema kweli. Sauti ya msemaji hupita katika mifupa ya taya hata ikafika kwenye tundu la sikio, na tundu likiwa wazi sehemu nene ya sauti hiyo hutoka nje. Likizibwa kwa plastiki hukosa njia, na chini ya hezi 500 huweza kuongezeka kwa desibeli 20 au zaidi. Msemaji akijisikia mkubwa hivyo, hujishusha, na watu wa nyumbani wasimsikie.

Namna ya kubainisha ni sahali. Kizimwe kifaa kikiwa sikioni, kisha mtu ahesabu moja hadi kumi. Ikiwa mngurumo ungalipo, ugonjwa ni wa kizibo, na dawa yake ni kuongeza tundu la kupumulia katika kalibu, yaani kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake, au kubadili kikofia cha mpira kiwe cha wazi, ikiwa sauti nene angali anazisikia vyema. Ikiwa mngurumo umekoma, basi ni nguvu ya sauti nene iliyozidi, na hiyo hupunguzwa katika programu. Anayetibu cha kwanza kwa dawa ya cha pili, kama ifanywavyo mara nyingi, humnyima mtu irabu zake na kumwachia pipa lake.

Hata hivyo upandishaji wote huu ni wa kubahatisha endapo hapajapimwa kinachofika kwenye ngoma ya sikio hasa. Skrini ya tarakilishi huonyesha nguvu ambayo kiwanda kinakisia. Lakini matundu ya masikio hayalingani urefu wala upana, na mpangilio wa mwanzo wa viwanda vingi huwa pungufu katika sauti nyembamba kuliko kanuni ilivyoagiza, labda kwa kuwa upungufu huo humfurahisha mnunuzi siku ya kwanza. Kipimo cha haki ni kile kinachoingiza mrija mwembamba laini mpaka karibu milimita 5 na ngoma, kifaa kikiwa mahali pake, kisha usemi ukapigwa kutoka spika na mrija ukaeleza kilichofika. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama itafanywa, na ana haki ya kuuliza, kabla hajatoa fedha, kama bei aliyotajiwa ina miadi ya kurudi ndani yake au ni ya kifaa kitupu. Kwani fundi wa mjini na mvaaji wa shamba wakitenganishwa na nauli ya basi, kile kilichopunguzwa siku ya kwanza hakitapandishwa abadan, na mgeni atabaki na kipimo cha ugeni maisha yake yote.

Kwa wakazi wa pwani kuna adui mwingine, unyevu. Betri za zinki hutumia hewa: ukibandua karatasi yake yenye rangi, kahawia kwa namba 312, rangi ya chungwa kwa namba 13, hewa huingia na kazi huanza, wala kuibandika tena hakuizuii kwisha. Isitiwe kifaani papo hapo; iachwe dakika moja au mbili ivute hewa. Usiku mlango wa betri uachwe wazi, na kifaa kilale katika kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu, maana jasho na hewa ya chumvi hushambulia kwanza kile kitundu kidogo cha kutolea sauti.

Na kwa kuwa fundi hayupo nyumbani kila asubuhi, upo mtihani uliobuniwa na Daniel Ling, mwalimu wa watoto viziwi, wenye sauti sita tu: m, u, a, i, sh, s. Kwa bahati zote sita zimo katika Kiswahili, na zimepangwa kutoka nene hadi nyembamba, zikienea karibu uwanja wote wa usemi. Mtu wa nyumbani husimama nyuma ya mvaaji, hatua mbili tatu, midomo isionekane, akazitamka bila mpangilio, na mvaaji akazirudia. Akikosa "m" na "u", huenda kifaa hakijakaa vizuri au tundu ni kubwa mno. Akipata nne za mwanzo akakosa "sh" na "s", ambazo jana alizipata, asikimbilie kulaumu hesabu za Australia. Aondoe kikofia, atazame nta, abadili kichujio cha nta, kisha ajaribiwe tena.