Dereva wa Mbugani Mpime Gari Likiwa Limezimwa

Ukishavuka geti la Naabi kuingia Serengeti, mpe dereva wako saa moja. Usimhesabie wanyama aliokuonyesha, maana pundamilia na swala tomi hata asiyejua kazi atawakuta kando ya barabara. Angalia anasimama wapi, na akizima gari anatulia kwa muda gani.

Mwaka juzi tulikuwa Seronera alfajiri, baridi bado kali. Mzee aliyetuendesha alisimama mahali tulipoona patupu, akazima injini. Mdogo wangu hakuvumilia. "Mzee, mbona tumesimama?"

"Sikilizeni kwanza."

Kanga walikuwa wakipiga kelele kwenye majani ya mtoni. Juu ya mgunga, tumbili mmoja alikuwa akilia kwa vipande vipande, macho chini, upande uleule. Sisi tulikuwa tukitafuta chui. Mzee alikuwa akitafuta macho ya tumbili yameelekea wapi. Zilipita kama dakika ishirini. Chui akatoka majanini bila haraka, akapanda mwegea, tukabaki tunauona mkia tu ukining'inia, ncha yake nyeupe kwa chini.

Ufundi wenyewe ndio huo. Twiga watatu wakielekeza nyuso upande mmoja, wameona kitu. Tai wakizunguka juu, pengine wanapandishwa na hewa ya joto tu; wakianza kushuka kwa kasi, mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga. Asiyeyajua haya huishi kwa redio ya gari: akisikia simba wameonekana, anatimua vumbi, na mkifika mnakuta foleni ya magari. Simba wenyewe wamelala, kwani kwa siku simba anaweza kupumzika hata saa 20.

Safari ya namna hiyo niliwahi kuilipia, na bado inaniuma. Duma alikuwa ananyatia swala mchana kweupe, gari letu likamkatia njia apigwe picha. Swala wakashtuka, duma akakaa chini akihema. Kama ana watoto, siku hiyo wamelala njaa. Dereva wako akifanya hivyo mwambie arudi nyuma, kwa heshima, lakini mwambie. Akiiacha barabara au akipita kilomita 50 kwa saa, anavunja sheria za hifadhi na wewe ukiwa ndani.

Wala usimlaumu dereva kwa sababu ya msimu. Nyumbu huzaa kusini, maeneo ya Ndutu, kati ya Januari na Machi. Kuvuka Mto Mara kule Kogatende ni kati ya Julai na Oktoba. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kama Februari utawaona wakivuka. Anayekuahidi kwamba utawaona, muage. Na asiyekutahadharisha usivae bluu au nyeusi kwa sababu ya mbung'o, hajakaa nao.

Yule mzee wetu, siku ya mwisho, alizima gari tena. Kwenye alama za tairi njiani kulikuwa na mdudu anayeviringisha donge la kinyesi cha tembo, akilisukuma kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Likamponyoka, akalifuata, akaanza upya. Gari la nyuma yetu lilipiga honi. Mzee akatoa mkono dirishani kuwaomba wasubiri, na hakuwasha mpaka mdudu alipoingia majanini.