Sauti na Kinanda Huko Ureno

Sisi tufundishao kuimba tumezoea kuwaonya wanafunzi wasimeze maneno, kwa kuwa wimbo usiosikika maneno yake ni nusu ya wimbo. Kwa kipimo hiki nilimhukumu Maria João, mwimbaji wa jazi wa Ureno, siku ya kwanza nilipomsikia. Mara alilia kama ndege, mara alinong'ona, mara alicheka. Nikasema huyu apiga kelele tu. Hukumu ile ilikuwa ya haraka, na haraka haina baraka. Leo nataka kuitengeneza, wala si kuifuta yote.

Jazi haikuzaliwa Ureno. Ilizaliwa Marekani miongoni mwa watu weusi, na desturi yake kubwa ni kuutwaa wimbo na kuugeuza papo hapo mbele ya wasikilizaji. Mjini Lisbon chama kiitwacho Hot Clube de Portugal kilianzishwa mwaka 1948, na baadaye kikawa na shule. Ndimo alimojifunza Maria João, aliyezaliwa mji huo huo mwaka 1956, baba yake Mreno na mama yake mtu wa Msumbiji. Hapo mwanzo aliimba sana nyimbo za Wamarekani kwa Kiingereza. Hii ndiyo hatari ya kila mwenye kuazima: nguo ni nzuri, lakini si kipimo chake.

Basi, ajipatieje nguo yake mwenyewe? Wengine hudhani yatosha kuwakutanisha mabingwa wawili. Mwaka 1968 Amália Rodrigues, malkia wa nyimbo za fado, aliimba pamoja na Don Byas, Mmarekani mpiga saksafoni, na santuri yao ikatolewa mwaka 1973. Ni nzuri kusikiliza. Lakini Amália aimba kama aimbavyo siku zote, na saksafoni yapita kandokando ikimpamba. Wameketi jamvi moja, ila hawajazungumza.

Maria João alifuata njia nyingine. Katika miaka ya 1980 aliimba na Aki Takase, mwanamke wa Japani apigaye piano. Kisha akashirikiana na Mário Laginha, Mreno mwenzake aliyezaliwa mwaka 1960, na mwaka 1994 wakatoa santuri iitwayo Danças. Humo mna sauti na kinanda tu. Hapana ngoma ya kujifichia nyuma yake. Mmoja asipomsikiliza mwenziwe, kosa lajulikana mara moja. Kinanda si mtumishi amfuataye bibi yake akimchukulia mzigo. Huuliza, naye hujibu, akikawia, chamngoja, akikimbia, chamkata njia. Hapo nikafahamu kwamba vile vilio na vicheko ni majibu, wala si kelele. Amejibu kwa sauti kwa sababu ameulizwa kwa sauti.

Walakini aibu yake haikosi. Mwaka 1998 walitoa santuri ya Cor, wakawaongeza Trilok Gurtu wa Uhindi, bingwa wa ngoma, na Wolfgang Muthspiel wa Austria, mpiga gita. Rangi zimezidi, lakini kimya kimepungua, na wimbo bila kimya ni kama mazungumzo ambayo wote wasema pamoja. Tena mahali pengine Maria João atia sauti zake zote katika wimbo mmoja, kama mpishi amwagaye pilipili yote kwa kuwa anayo.

Hata hivyo faida yapita hasara. Alipoacha kuiga, hakuitupa jazi, wala hakuitupa lugha yake. Aliimba Kireno kwa uhuru alioupata kwa wageni. Nami nimejifunza kuongeza neno moja katika onyo langu la darasani. Mwanafunzi asimeze maneno, naam; lakini kwanza na amsikilize anayeimba karibu naye. Matamshi mazuri kwa mtu asiyesikia wenziwe hayajawa kuimba bado.