Hilux ya 3L haikuomba turbo

Aliyeamua kuitoa 3L kwenye ile Hilux nyeupe na kuiwekea 1KZ-TE alikosea, na ufundi wote uliofuata haulifuti kosa hilo. Wengi wenu hapa Mpanda mliiona injini ikining'inia kwenye mnyororo, mkaisikia ilipowashwa mara ya kwanza, mkapiga makofi. Sauti ilikuwa tamu, sibishi. Lakini gari ya mzigo haipimwi kwa sauti yake ikiwa imesimama gereji.

Tuikumbuke gari yenyewe. Ni LN106, springi za majani mbele na nyuma, ekseli nzima mbele, bodi imeshonwa kwa welding mara nyingi kuliko shati la mchimbaji. Kazi yake mnaijua: mpunga wa Mpimbwe, mahindi ya Mishamo, samaki wa Karema, na kiangazi maji na vifaa vya wachimbaji huko Magamba. Injini iliyozaliwa nayo ni 3L, sentimita za ujazo 2,779, haina turbo wala kompyuta. Ilikuwa imechoka kweli. Asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka, moshi wa bluu ulijaa barabarani, na oili iliongezwa kila safari. Kuitafutia injini nyingine kulikuwa uamuzi sahihi.

Kosa lilitokea Dar es Salaam, sakafuni kwa muuza injini za mtumba. Palikuwa na injini mbili zinazoingia kwenye bajeti: 5L ya pampu ya kawaida, na 1KZ-TE iliyotolewa kwenye Surf, ikiwa na giaboksi yake, fungu la waya na kontroli boksi. Simu ikapigwa Mpanda, na jibu lililorudi likawa neno moja: ile inayovuta. Hapo ndipo gari ilipopotezwa. Kila kilichofanyika baadaye, kuanzia kukata, kuchomelea, kuweka mikono mingine ya injini na kuchonga propela shafti upya, kilikuwa gharama ya neno lile.

Naam, 1KZ-TE inavuta. Ni lita tatu, yaani 2,982, ina turbo, inatoa hospawa 125 hadi 130, na nguvu yake ya mzunguko inakaribia Nm 290 kwenye mizunguko 2,000 tu. Ile 3L haifiki hospawa 100, na nguvu yake ya mzunguko ni Nm 188. Ukiziweka namba hizo mbili mezani mbele ya mtu aliyewahi kupanda kutoka Sitalike kwenda Kizi na magunia kumi ya mahindi, kwa gia ya kwanza, unajua atachagua nini. Ndiyo maana uchaguzi wa injini haupaswi kufanywa na mtu ambaye bado ana hasira na mlima.

Sasa itazameni 5L aliyoiacha. Ni ndugu wa damu wa 3L. Kipigo cha pistoni ni kilekile, milimita 96, silinda zimepanuliwa kufika 99.5, na ujazo ukawa 2,986. Mikono ya injini inakaa palepale. Giaboksi ya zamani inapokea bila kubadilisha kengele, klachi inabaki, propela shafti haiguswi, kebo ya mafuta inarudi kwenye pampu ilikotoka. Tahadhari ni moja tu: usiletewe 5L-E, ambayo nayo pampu yake inaendeshwa kwa umeme. Fundi mzuri na kijana mmoja wanaishusha 3L leo na gari inapakia mzigo kabla wiki haijaisha. Nguvu inaongezeka kidogo, si sana, na kwa gari ya tani moja kidogo hicho kinatosha.

Halafu kuna spea. Familia hii ya 2L, 3L na 5L ndiyo iliyojaa kwenye Haisi za nchi nzima. Gasketi, pistoni, ringi, nozeli na beringi zake zinapatikana Tabora, zinapatikana Sumbawanga, na mara nyingi ziko hapahapa Mpanda. Hata ukiikosa injini ya Hilux, unanunua ya Haisi, unahamishia sampo, chujio la oili la chini na mikono kutoka kwenye injini yako ya zamani, maana ile ya Haisi imelalia upande. Mafundi wetu wamefanya hivyo miaka mingi bila kumwita mtu wa kompyuta.

Na kompyuta ndiyo kidonda chenyewe. Pampu ya 3L au 5L inadai waya mmoja: ule wa kufungua mafuta. Plagi za kupasha moto zina waya wake, lakini injini ikishawaka zenyewe hazina kazi tena. Betri ikifa katikati ya Ikola na Karema, mnasukuma, inawaka, mnaendelea. 1KZ-TE inaendeshwa na kontroli boksi inayosoma pedali, mizunguko, joto la maji na joto la mafuta, kisha inaiamuru valvu ya pampu iachie dizeli kiasi gani. Kiungo kimoja kikiingia maji au panya akitafuna waya wakati gari imeegeshwa masika yote, injini inajinyima nguvu au inazima kabisa. Barabara ya Karema ni zaidi ya kilometa 100 kutoka mjini. Nani atakufuata huko na mashine ya kusoma makosa?

Maji kwenye dizeli ya madumu yanaua pampu zote mbili, hilo sikatai. Ila ya 3L fundi wa pampu anaifungua, anabadilisha vinavyolika na kuirudisha kwenye vipimo. Valvu ya umeme ya 1KZ-TE ikifa, unatafuta nyingine.

Nije kwenye joto. Silinda hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu, na sifa yake ya kupasuka ikichemka inajulikana kila ilikofika injini hii, Australia hadi Afrika. Ndugu zake wa nyuma, 2L-T na 2L-TE, waliharibu jina la turbo kwa njia hiyohiyo. Walioendesha Surf za mwanzo wanakumbuka. Injini kama hii inataka rejeta pana, feni inayoshika vizuri, na upepo. Gari yenye mzigo inayopanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu haina upepo. Na gari yetu imeachiwa rejeta ya 3L! Iliingia vizuri, tukaambiwa, kwa hiyo haikubadilishwa.

Nimeandika kwenye safu hii hadi wengine wamechoka, na nitaandika tena: acheni kutoa thamostati. Injini hii nayo imetolewa yake siku ya kwanza, kwa hoja ileile kwamba hapa kwetu ni joto. Thamostati ndiyo inayohakikisha maji yanafika joto la kazi na yanapita kwenye rejeta kwa utaratibu. Ukiitoa, injini inakaa baridi tambarare, inakula mafuta na silinda zinalika, na mlimani bado inachemka kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta ndogo na feni iliyochoka.

Sisemi ufundi wote ulikuwa mbaya: kuchomelea kwa mikono ya injini na usawa wa propela shafti ni kazi safi kabisa. Kosa ni la uchaguzi.

Kwamba "inavuta" ndiyo sifa pekee inayotajwa siku hizi kunaniumiza, kwa sababu nchi hii ilishajifunza kinyume chake. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari ya injini isiyofika hata lita mbili. Alishinda kwa sababu gari ilifika. Na itazameni 1HZ kwenye Land Cruiser zinazozunguka Katavi na mikoa yote ya jirani: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, imetengenezwa tangu 1990 na mashirika bado yanaitaka. Sababu ni kwamba ikiharibika, fundi wa kijijini ana mahali pa kuanzia. 3L ilikuwa kwenye ukoo huo. Hilux za namna hiyo ndizo zilizobeba mkoa huu wakati barabara ya Tabora ilikuwa tope tupu.

Kuna jambo la mtumba pia, na hili halimhusu mwenye Hilux hii peke yake. Injini iliwashwa dakika chache sakafuni, bila mzigo na bila rejeta, na ikasemwa ni nzima. Hedi yenye ufa haijionyeshi kwa dakika hizo. Kabla ya kulipa ilipaswa kupimwa kompresheni silinda zote nne, kufunguliwa kifuniko cha oili kutazama kama kuna rangi ya maziwa, na kuachwa ifike joto kamili huku maji yakipimwa presha. Muuzaji anayekataa vipimo hivyo amekwisha kukujibu.

Kwa mwenye gari, kilichobaki ni kupunguza hasara. Aweke rejeta ya 1KZ yenyewe hata kama mbele itabidi ikatwe, arudishe thamostati, atumie kulanti badala ya maji ya bomba, na afunge geji ya joto inayosoma kwenye hedi, maana ile ya dashibodi husogea wakati aluminiamu imeshajikunja. Kontroli boksi ipandishwe juu ndani ya kabini na viungo vya waya vifungwe visipenye maji. Namba ya injini mpya ipelekwe TRA ibadilishwe kwenye kadi kabla trafiki hajaiona. Na ile 3L iliyolala nyuma ya gereji isiuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bloku yake inachongwa, inaingia pistoni zilizozidi kwa milimita 0.50, hedi inapimwa, pampu inapelekwa kwa fundi wake, na mikono yake ya asili kwenye chasisi haijakatwa bado.