Ufundi wa Kusikiliza: Wamoravian na Kamusi ya Kinyamwezi

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji zimebaki alama nyingi za kazi za watu, lakini iko kazi moja isiyosifiwa inavyostahili kwa kuwa haikuacha jengo wala mlango wa nakshi, nayo ni utungaji wa kamusi ya lugha ya wapagazi walioibeba njia hiyo mabegani. Kamusi yenyewe ni Nyamwesi-Wörterbuch, iliyotungwa na mmisionari Edmund Dahl na kuchapishwa mjini Hamburg mwaka 1915, na anayetaka kuuelewa ufundi uliomo ndani yake hana budi kwanza kuijua jumuiya ya kidini iliyomtuma mtungaji wake Unyamwezi.

Jumuiya hiyo ni ya Wamoravian, ambao huitwa pia Umoja wa Ndugu, na chimbuko lake ni Bohemia mwaka 1457, miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Baada ya vizazi vingi vya mateso, wakimbizi kutoka Moravia walipewa hifadhi mwaka 1722 katika ardhi ya kabaila wa Saksonia, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut, ambako waumini waligawanywa katika makundi kwa umri, jinsia na hali ya ndoa, kila kundi likisali pamoja, na mafundi wakihesabu kazi ya mikono kuwa sehemu ya ibada. Walipoanzisha mji wa Bethlehem huko Pennsylvania mwaka 1741, walikwenda mbali zaidi: mfumaji, mhunzi, mwokaji mikate na mkulima walifanya kazi kwa ajili ya mfuko mmoja, wakala chakula cha jumuiya, na utaratibu huo ukadumu hadi mwaka 1762 ulipovunjwa na kila familia ikajitegemea. Hata wamisionari wao wa kwanza, waliopelekwa kisiwa cha St. Thomas katika Karibi mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi, Leonhard Dober, na seremala, David Nitschmann. Maisha yale ya mali ya pamoja yamekwisha, ingawa Herrnhut na Bethlehem, pamoja na majengo yake, viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Wamoravian walifika Unyamwezi wakipokea kazi iliyoanzishwa na wengine. Mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon wa shirika la wamisionari la London alikuwa amekaribishwa Urambo na Mtemi Mirambo, ambaye jina lake lilivuma njia nzima ya misafara. Southon alifariki mwaka 1882, Mirambo akafuata mwaka 1884, na mwaka 1898 shirika la London likakabidhi kituo cha Urambo kwa Wamoravian, ambao baadaye walifungua vituo vingine, kikiwemo cha Sikonge. Kama ilivyokuwa desturi yao popote walipokwenda, walijenga na kuranda mbao. Lakini kazi yao bora kuliko zote katika nchi hiyo haikuhitaji randa wala tofali, kwa sababu malighafi yake ilikuwa maneno ya watu.

Ugumu wa malighafi hiyo unaonekana katika kifungu kifupi tu cha maneno mawili. Mnyamwezi anayetaka kusema watu watatu husema banhu badatu. Katika neno la kwanza, herufi nh si n ya kawaida ya Kiswahili, bali ni sauti ya puani inayosindikizwa na pumzi, na msikilizaji mgeni huipoteza kwa urahisi akidhani amesikia n tupu. Tena Kinyamwezi kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano, na juu ya irabu hizo hupanda toni, yaani kupaa na kushuka kwa sauti kunakoweza kutenganisha neno na neno. Mtunga kamusi asiyetulia akasikia neno lile lile kwa wasemaji mbalimbali, katika umoja na wingi, mwanzoni na mwishoni mwa sentensi, ataandika kitu kinachofanana na Kinyamwezi lakini ambacho hakuna Mnyamwezi aliyewahi kukitamka. Dahl alitulia, na utulivu huo ndio ufundi unaosifiwa hapa.

Neno la pili ndilo lililompa Dahl jina katika isimu, yaani taaluma ya lugha. Kiswahili husema -tatu, Kinyamwezi husema -datu. Na Dahl aligundua kwamba d hiyo haikutokea kwa bahati. Konsonanti kama t na k huitwa sighuna, kwa kuwa nyuzi za sauti kooni hazitetemeki zinapotamkwa, wakati d na g ni ghuna, kwa kuwa nyuzi hizo hutetemeka. Na katika Kinyamwezi, silabi mbili zinazofuatana zilipoanza kila moja kwa konsonanti sighuna, ile ya kwanza iligeuka kuwa ghuna, kana kwamba ulimi ulikataa kurudia jambo lile lile mara mbili. Mwaka 1903 mtaalamu wa lugha za Kibantu, Carl Meinhof, aliuita utaratibu huo Kanuni ya Dahl, na tangu hapo imeonekana katika lugha nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Wakikuyu wa Kenya wanaibeba katika jina lao wenyewe, Gĩkũyũ, ambamo kiambishi kilichokuwa ki- kimekuwa gĩ- kwa sababu silabi inayofuata inaanza kwa k. Na kitanda cha Waswahili kilipoingia katika lugha yao kikawa gĩtanda. Jambo linalofundishwa leo katika vyuo vikuu vya mabara mengi lilianzia kwa sikio lililokuwa makini Unyamwezi.

Hata hivyo, sifa hiyo haiwezi kutolewa nzima kwa mtu mmoja. Jalada la kamusi lina jina la Dahl peke yake, wakati kila neno lililomo lilitoka kinywani mwa Mnyamwezi aliyekubali kulirudia, kulisahihisha na kulieleza, na uvumilivu wa mwalimu huyo si mdogo kuliko wa mwanafunzi wake. Isitoshe, maana zilielezwa kwa Kijerumani, lugha ya dola iliyokuwa imemshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, kwa hiyo wenye lugha wengi hawakuweza kuisoma kamusi ya lugha yao. Kitabu kilitoka wakati wa vita. Mwaka uliofuata, Septemba 1916, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora, utawala wa Wajerumani ukaondoka, na kazi ya Wamoravian Unyamwezi ikaja kuendelezwa na ndugu zao wa Denmark. Ilichukua miaka mingi hadi Mtanzania, Clement Maganga, akishirikiana na Thilo Schadeberg, alipotoa mwaka 1992 kitabu cha sarufi, matini na msamiati wa Kinyamwezi; nacho, kwa thamani yake yote, kilichapishwa Köln kwa Kiingereza.

Wazee wanaotamka banhu badatu bila kupoteza pumzi ya nh bado wapo Urambo, Sikonge na Uyui, wakati wajukuu wao mjini Tabora wanakulia katika Kiswahili. Kanisa la Moravian, ambalo Jimbo lake la Magharibi lina makao Tabora, pamoja na vyuo vyetu, lina kila sababu ya kuwarekodi wazee hao na kutoa kamusi ya Kinyamwezi kwa Kiswahili ambayo Mnyamwezi yeyote aliyesoma shule ya msingi ataweza kuitumia. Na safari hii majina ya waliotoa maneno yaandikwe katika ukurasa wa kwanza.