Fanani, Hadhira na Sanduku la Kura: Igizo la Beni la Mwaka 2018

Katika mijadala ya uchaguzi hudhaniwa mara nyingi kwamba mwanasiasa mwenye simu, picha na kisa cha kuvutia amekwisha kuwafikia wapiga kura. Dhana hiyo yafaa kupimwa kwa yaliyotokea Beni, Kivu ya Kaskazini, tarehe 30 Desemba 2018.

Siku nne kabla ya hapo, Tume ya Uchaguzi (CENI) ilitangaza kuwa upigaji kura wa Beni na Butembo umeahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Kwa kuwa Rais mpya alipangiwa kuapishwa Januari, wakazi walikuwa wametolewa katika uchaguzi wa urais. Likichukuliwa kama simulizi, tangazo hilo lilikuwa na kasoro ya msingi: hadhira yake iliishi ndani ya kisa chenyewe, nayo ilijionea masoko na makanisa yakijaa watu kama kawaida.

Wakazi wa Beni walijibu kwa utendaji. Walipanga foleni, wakanawa mikono, wakatumbukiza karatasi walizozitengeneza wenyewe. Kama katika ngano inayotambwa vyema, mpaka kati ya fanani na hadhira ulifutika. Kunawa mikono hakukuwa pambo. Ndiko kulikobeba hoja, kwani kulionyesha bila hotuba kwamba tahadhari na kura vyaweza kwenda pamoja. Simu zilisambaza picha, lakini hazikuzaa maana hiyo. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 31 Desemba, kisa kilikuwa kimekwisha kuvuka mipaka ya Kongo.

Hata hivyo, igizo hilo lisisifiwe kupita kiasi. Halikuwa na nguvu ya kisheria: Rais Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na wakazi wa Beni na Butembo walipiga kura za wabunge peke yake tarehe 31 Machi. Aidha, palikuwapo simulizi pinzani lililo hatari zaidi, kwamba Ebola ilibuniwa kwa ajili ya siasa. Uamuzi wa CENI ulilipa simulizi hilo ushahidi lililouhitaji. Tarehe 27 Desemba waandamanaji walikwisha kuvamia kituo cha Ebola mjini Beni. Nao ugonjwa ulikuwa wa kweli: hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki.

Ni dhahiri basi kwamba masimulizi hayapimwi kwa ukubwa wa chombo kinachoyapeleka, bali kwa nafasi inayopewa hadhira ya kuitikia. Hadhira iliyonyimwa nafasi hiyo hutunga kisa chake, na si lazima kisa hicho kiwe cha kweli. Watafiti wa fasihi simulizi katika vyuo vya Kivu wana wajibu wa kukusanya matendo ya namna hii, pamoja na Kiswahili chake, kabla hayajabaki kuwa picha zisizo na maelezo.